Barua ya chuo si pesa: hesabu ya kijana anayetaka kusomea falsafa ng'ambo

Kati ya Februari na katikati ya Aprili kuna vijana Wakenya wanaolala na simu chini ya mto. Hawangoji matokeo ya mechi wala ujumbe wa mpenzi. Wanangoja imeili kutoka vyuo vikuu vya ng'ambo, baada ya kutuma maombi ya uzamili na uzamifu huko nyuma Desemba. Wengi waliomba sayansi ya data, afya ya umma, uhandisi. Halafu kuna wachache, watu wa roho ngumu, walioomba falsafa.

Hapa Ishiara ukisema unaenda ng'ambo kusomea falsafa, mama wa kibanda cha muguka atakuuliza swali moja tu: hiyo ni kazi gani? Wasomi hucheka swali hilo. Mimi silicheki. Mama huyo anasomesha watoto kwa majani, na Mei 2024 gavana wa Mombasa alipopiga muguka marufuku, karo ya muhula mzima ilining'inia kwa tangazo la siku moja. Anachouliza hasa ni nani atalipa, na atalipa hadi lini. Mwaka huu hilo ndilo swali lenyewe, maana mfumo uliokuwa ukiwalipia watu wa falsafa umeanza kufunga milango.

Kama hujawahi kufuatilia mambo haya, mfumo uko hivi. Marekani, PhD ya falsafa katika chuo kinachojiheshimu mwanafunzi hailipii. Chuo kinakusamehe karo, kinakupa posho ya kujikimu na bima ya afya, nawe unafundisha au kusahihisha kazi za wanafunzi wa shahada ya kwanza. Kawaida ni miaka mitano. Ni kibarua chenye heshima. Uzamili ni kinyume: mara nyingi unajilipia, ingawa kuna vyuo vichache, Georgia State pale Atlanta kikiwa kimoja, ambavyo husamehe karo na kutoa posho hata kwa uzamili wa falsafa. Ndiyo maana Mkenya asiye na mjomba tajiri huruka moja kwa moja hadi PhD. Si kiburi. Ni kwamba huko juu ndiko kuna doo.

Sasa angalia kilichotokea Boston University. Wanafunzi wa uzamifu wanaofundisha pale waligoma karibu miezi saba mwaka 2024, wakidai posho inayolingana na bei ya maisha ya Boston. Oktoba walishinda: posho ya PhD ikapanda hadi dola 45,000 kwa mwaka. Kwa kiwango cha karibu Sh129 kwa dola hizo ni kama Sh5.8 milioni. Sisi huku tukapiga makofi. Mwezi uliofuata, Novemba, chuo kikatangaza kwamba idara kumi na mbili za sanaa na sayansi ya jamii, falsafa ikiwemo, hazitapokea wanafunzi wapya wa PhD kwa mwaka wa 2025-26. Wakuu wa kitivo walitaja gharama za mkataba huo mpya kama sehemu ya sababu. Yaani waliokuwa ndani walipata nyongeza, na waliokuwa mlangoni wakapata kufuli.

Agosti 2025 ikafuata University of Chicago. Idara nyingi za sanaa na fasihi zikatangaza kwamba kwa mwaka wa 2026-27 hazitapokea PhD wapya, au zitapokea wachache. Chicago si chuo cha kichochoroni, na kina mabilioni ya dola ya akiba. Kama mwenye mabilioni anapunguza sahani mezani, vyuo vya majimbo ambavyo bajeti yao inategemea wabunge vitafanya nini?

Na hapo hatujaingia ubalozini. Mwishoni mwa Mei 2025 Marekani ilisimamisha kupanga mahojiano mapya ya viza za wanafunzi kote duniani. Yaliporejea Juni, kulikuwa na sharti jipya: akaunti zako za mitandao ya kijamii ziwe wazi ili zikaguliwe. Kijana aliyekuwa barabarani Nairobi Juni 2024, na nusu ya wasomaji wangu walikuwepo, akaanza kupekua picha zake usiku. Agosti wakaleta pendekezo la kuwekea viza ya mwanafunzi kikomo cha miaka minne, baada ya hapo uombe kuongezewa. PhD ya falsafa haiishi miaka minne. Hata walio na posho kamili sasa wanahesabu na mwaka wa tano utakaokuja na fomu nyingine.

Haya yote yana matokeo moja ambayo sioni yakisemwa. Ofa kamili zinapopungua, ofa nusu zinaanza kung'aa. Barua inayosema "hongera, umekubaliwa, tumekupunguzia karo kiasi hiki" inaonekana kama muujiza, kwa sababu miezi minne umekuwa ukisoma imeili za "tunasikitika". Mtoto wa watu anapiga skrinshoti, anaiweka kwa grupu ya familia, na ndani ya saa moja mjomba wa Runyenjes ameshaunda kamati ya harambee.

Nchi hii imeshaona mwisho wa hadithi ya namna hiyo. Kaunti ya Uasin Gishu ilikuwa na mpango wa kupeleka vijana Finland na Canada. Wazazi waliuza ng'ombe na vipande vya ardhi, wakaweka mamia ya maelfu, wengine zaidi ya milioni, kwenye akaunti ya mpango huo. Barua za vyuo zilikuwepo. Vyuo vyenyewe vilikuwepo. Kilichokosekana ni karo kufika kule ilikotakiwa kufika. Waliokwenda walikaa Finland wakitishiwa kufukuzwa chuo, na waliobaki walikaa Eldoret na masanduku yamefungwa. Mwaka 2023 aliyekuwa gavana na maafisa wenzake walishtakiwa kuhusiana na zaidi ya Sh1 bilioni, wakakana mashtaka. Kesi ni ya mahakama. Mimi nashika jambo moja tu: tangu 2017 Finland imekuwa ikitoza karo wanafunzi wanaotoka nje ya Ulaya, kwa hivyo barua yao ya kukukubali ni mwanzo wa ankara.

Hata ile safari tunayoisimulia kwa fahari, ndege za Tom Mboya, ilikuwa na hesabu hii ndani yake. Ndege ya kwanza ilibeba wanafunzi 81 Septemba 1959. Mwaka uliofuata wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000 za usafiri. Watu hukumbuka ndege. Lakini kazi ngumu ilikuwa ya vyuo vidogo vya Marekani vilivyokubali kusamehe karo, na ya wanakijiji waliochanga pesa za matumizi. Wangari Maathai hakupelekwa Harvard. Alikwenda chuo kidogo cha watawa huko Atchison, Kansas, mji ambao hakuna mtu wa Ihithe alikuwa ameusikia. Chuo kilicholipa ndicho kilichomtoa.

Nina rafiki hapa Ishiara, mwalimu wa BOM katika shule moja ya upili ya huku Mbeere. Mshahara wa mwalimu wa BOM mnaujua. Alisomea falsafa na dini katika chuo cha umma, akamaliza vizuri, na mwaka jana alituma maombi kumi na moja. Usiku wa kuandika alikuwa akija kwangu kwa sababu intaneti yangu haikatiki sana. Mimi mwenyewe chuo nilitoka mwaka wa pili, kwa hivyo sikumsaidia kwa Kant. Nilimsaidia kwa spredishiti.

Maombi yenyewe ni gharama kabla ya yote. Vyuo vya Marekani hutoza ada ya maombi, nyingi zikiwa kati ya dola 75 na 125 kwa kila chuo. Zidisha mara kumi na ni mshahara wa miezi mingi. Lakini vyuo vingi vina msamaha wa ada hiyo kwa anayeomba, na vijana wetu hawaombi kwa sababu wanaona aibu. Rafiki yangu aliandika imeili fupi ya heshima kwa kila idara. Saba zilimsamehe. Rhodes, Chevening na Commonwealth hazitozi ada ya maombi kabisa. Chevening ilimkataa mapema, maana wanataka uzoefu wa kazi wa miaka miwili na yeye alikuwa na mmoja na nusu. Commonwealth wanataka uonyeshe somo lako litasaidiaje maendeleo ya nchi. Ukijaza "metafizikia" kwenye kisanduku hicho unacheka mwenyewe.

Halafu kuna kazi ambayo pesa haiwezi kununua: barua tatu za maprofesa wanaokujua, na andiko lako mwenyewe la kurasa kama kumi na tano hadi ishirini. Hilo andiko ndilo linalosomwa. Mtihani wa GRE, uliokuwa ukila vijana wetu dola mia mbili na zaidi, idara nyingi za falsafa zimeutupa. Hapo mtu wa Ishiara amepunguziwa mzigo.

Mwisho wa Februari alikuwa na majibu mawili ya ndiyo.

La kwanza ni chuo kikubwa cha Uingereza, jina ambalo hata mama wa muguka analijua kwa sababu ya mpira wa mji huo. Uzamili, mwaka mmoja. Karo pauni 26,000, na wamempa ufadhili wa pauni 10,000. La pili ni PhD katika chuo cha jimbo huko katikati ya Marekani, mji wenye mahindi mengi kuliko watu. Karo yote imesamehewa, miaka mitano, posho ya dola 24,000 kwa miezi tisa, bima ya afya, na kufundisha saa ishirini kwa wiki.

Utadhani hakuna cha kujadili. Mjadala ulikuwepo, na ulikuwa mkali, kwa sababu familia ilisikia maneno mawili tu kwenye ofa ya kwanza: jina la chuo, na "ufadhili". Baba yake akasema shamba la guka, lile la miembe linaloteremkia mto Thuci, linaweza kuuzwa kipande. Alisema kwa upendo. Hapo ndipo mambo huharibika, mtu anapokupenda kwa kitu kisichorudi.

Tulikaa tukahesabu. Pauni 26,000 toa 10,000 ni 16,000. Kwa Sh170 kwa pauni, hiyo ni Sh2.7 milioni. Serikali ya Uingereza nayo inataka uonyeshe pesa za kuishi: nje ya London ni pauni 1,171 kwa mwezi kwa miezi tisa, na ziwe zimekaa kwenye akaunti siku 28 mfululizo. Hizo ni pauni 10,539, karibu Sh1.8 milioni. Jumla Sh4.5 milioni, kabla ya viza, kabla ya ada ya afya ya pauni 776 kwa mwaka, kabla ya tiketi. Huo ndio ufadhili. Mtu "aliyefadhiliwa" anadaiwa kipande cha shamba na cha jirani.

Shangazi mmoja akajibu kwamba akimaliza atapata kazi huko na kurudisha. Ni hoja, nisiidharau. Uingereza humruhusu aliyehitimu uzamili kubaki akitafuta kazi, lakini muda huo wa miaka miwili unapunguzwa hadi miezi 18 kwa watakaoomba kuanzia Januari 2027, na yeye angemaliza baada ya hapo. Miezi 18 ya kutafuta mwajiri atakayelipia viza ya mtu mwenye uzamili wa falsafa. Daktari anaweza kukopa dhidi ya mshahara wake wa kesho. Mtu wa falsafa akikopa, anakopa dhidi ya matumaini, na hakuna Sacco inayochukua matumaini kama dhamana.

Msimamo wangu ni huu, na wasomi wanaweza kunichapa: falsafa isomwe kwa pesa za mtu mwingine, au isomwe nyumbani polepole. Si kwa sababu ni somo duni. Ni kwa sababu ndilo somo ambalo thamani yake hairudi kwa njia ya hundi, kwa hivyo usilinunue kwa kitu ambacho kaka zako walikuwa waishi juu yake.

Na ukifikiria, wenyeji wa huku tumejua hivyo zamani. Ukizunguka kutoka hapa hadi Embu mjini, au upande ule wa Chiakariga hadi Meru, watu wengi utakaokutana nao ambao wamesoma falsafa darasani ni mapadre. Kanisa Katoliki ndilo mfadhili mkubwa zaidi wa falsafa ambaye vijijini wamewahi kumwona. Kijana wa seminari anapelekwa Mabanga kule Bungoma au kwenye taasisi za Langata, anasomeshwa Aristotle, analishwa, analazwa, ananunuliwa vitabu. Ukimaliza, sharti unalijua: hutaoa. Ni ofa kamili kuliko ya Boston, na masharti yake yako wazi tangu siku ya kwanza. D. A. Masolo, Mkenya aliyeandika kuhusu falsafa ya Afrika hadi akafundisha Louisville huko Kentucky, PhD yake aliipata chuo cha Wajesuti, Gregorian, Roma. Kanisa lilielewa jambo ambalo kamati za harambee hazijaelewa, kwamba huwezi kumwambia mtu afikiri miaka saba huku akitafuta chakula cha jioni.

Njia nyingine ni ile ya Odera Oruka. Mtoto wa Ugenya, alizaliwa 1944, akaenda Uppsala, Sweden, kusomea sayansi, mambo ya hali ya hewa na kadhalika. Huko akageukia falsafa. Akapitia Wayne State pale Detroit kwa uzamili, akamaliza PhD Uppsala 1970 na mwaka huohuo akaanza kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Kuanzia katikati ya miaka ya 70 alizunguka vijijini na kinasa sauti, akiwauliza wazee maswali kuhusu Mungu, haki, kifo, usawa, akitaka kuonyesha kwamba kuna watu hawajawahi kuona darasa na bado wanafikiri kwa kina na kupinga desturi za watu wao. Mmoja wa wazee waliomo kwenye kitabu chake cha 1990 ni Stephen M'Mukindia Kithanje, wa huku Meru. Kwa hivyo mtu akikwambia falsafa ni ya wazungu, mwambie mmoja wa waliohojiwa alikuwa jirani.

Lakini Oruka aligeuka kutoka sayansi hadi falsafa wakati vyuo vya Sweden havikumtoza mgeni karo. Tangu 2011 vinatoza, kwa shahada ya kwanza na uzamili, kwa anayetoka nje ya Ulaya. Kitu ambacho vijana wengi hawakijui ni kwamba PhD ya Sweden haijaguswa. Haina karo, na mara nyingi ni ajira kabisa, na mshahara na likizo. Nafasi ni chache na hutangazwa kama kazi, kwa hivyo usizitafute kwenye kurasa za "scholarship", zitafute kwenye kurasa za kazi za chuo. Ujerumani nayo vyuo vingi vya umma havitozi karo, ila viza inataka uweke euro 11,904 kwenye akaunti iliyofungwa, karibu Sh1.8 milioni, labda uwe na ufadhili wa DAAD au mwingine wa aina hiyo. "Bure" ya Ujerumani ina mlango wa Sh1.8 milioni.

Rudi kwa rafiki yangu na mji wake wa mahindi. Ofa kamili nayo isomwe kwa jicho la mwanasheria. Dola 24,000 ukigawa kwa miezi kumi na miwili ni 2,000 kwa mwezi. Chumba cha kushirikiana huko alikiona kwa dola 600 hivi. Atakula, atabaki na kitu. Mwenye dola 45,000 za Boston anaweza kulipa kodi ya dola 2,000 na zaidi kila mwezi na mwisho wa mwaka wakawa karibu sawa, kwa hivyo usichanganywe na ukubwa wa tarakimu. Na posho hizo hukatwa kodi.

Tulichokwama nacho ni sentensi moja iliyojificha ukurasa wa pili. Barua inasema ufadhili wa miaka mitano "unatarajiwa", kulingana na maendeleo yake na upatikanaji wa fedha. Neno "unatarajiwa" na neno "umehakikishwa" zina umbali wa miaka mitatu kati yao. Kuna na miezi mitatu ya kiangazi isiyolipwa, na viza ya mwanafunzi haimruhusu kwenda kuosha vyombo kwenye hoteli ya mjini. Kuna ada ndogondogo za chuo ambazo msamaha wa karo haugusi. Na posho ya kwanza hulipwa mwisho wa Septemba, wakati mwenye nyumba anataka kodi na amana mwanzoni mwa Agosti. Hapo ndipo harambee ina kazi ya maana: tiketi, ada ya SEVIS ya dola 350, viza dola 185, na pesa za wiki sita za kwanza. Hiyo ni kama Sh400,000 hadi 500,000. Miembe ya msimu mmoja na chama cha mama vinaweza kuisogelea bila kugusa shamba.

Baba yake aliuliza swali zuri kuliko yote siku hiyo: na akirudi? Hapo nilinyamaza kidogo. Tume ya CUE ilisema tangu 2014 kwamba mhadhiri wa chuo kikuu awe na PhD, kwa hivyo karatasi itakuwa na soko. Soko lenyewe ndilo hilo lililogoma siku 49 mwaka 2025, kati ya Septemba na Novemba, wahadhiri wakidai Sh7.9 bilioni za mkataba wa 2017 hadi 2021. Watu wenye PhD zao walikuwa wakiimba barabarani kwa malimbikizo ya miaka minane. Sikumficha. Nilimwambia mzee kwamba kijana anaweza kurudi na akakuta kazi ipo na mshahara haupo, na hiyo ni sababu moja zaidi ya kutorudi akidaiwa pia.

Deni la Helb analo tayari, la shahada ya kwanza. Hilo halimsahau mtu kwa sababu amevuka bahari. Faini ya kutolipa ni Sh5,000 kila mwezi, na miaka mitano ni miezi sitini, jumla Sh300,000 za faini tupu. Amewaandikia aanze kulipa kidogokidogo. Ni wachache wanaokumbuka kuweka mstari huo kwenye bajeti ya "ufadhili kamili".

Vyuo vingi vya Marekani vimekubaliana kwamba mwanafunzi aliyepewa ufadhili asilazimishwe kujibu kabla ya Aprili 15. Chuo kikikuharakisha Machi, una haki ya kuomba muda, kwa adabu. Na una haki ya kuuliza: wanafunzi walioingia miaka saba iliyopita wako wapi leo, wangapi walimaliza, wangapi wamepata kazi, na je, kuna aliyewahi kukatiwa posho mwaka wa tatu. Idara yenye majibu huyatuma. Omba pia namba ya mwanafunzi wa kigeni aliyeko pale sasa, uzungumze naye mbali na maprofesa.

Rafiki yangu alituma maswali yake Jumatatu usiku kwa vyuo vyote viwili. Mji wa mahindi ulijibu Jumatano, aya nne, na namba ya dada mmoja Mganda aliye mwaka wa nne, ambaye alimwambia kwenye WhatsApp kwamba posho haijawahi kukatwa ila kiangazi yeye hufundisha mtandaoni na hupanga mapema kuanzia Januari. Uingereza walijibu wiki iliyofuata kwa kiungo cha ukurasa wa mikopo ya benki. Baba yake bado hajasema kitu. Jana nilimpita shambani akipogoa miembe, ile ya upande wa mto.